Simama Sokoni, Nitapita

Mume wangu alikuwa dereva wa meneja katika kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, kama vilivyofungwa vingi miaka ile mitumba ilipojaa Nairobi, meneja alirudi kwao ng'ambo na kumwachia gari alilokuwa akimwendeshea. Lilikuwa gari la Kiingereza la kabla ya Uhuru, gia boksi imekufa, viti vimetoka sponji. Wenzake waliondoka kiwandani na barua mkononi. Yeye aliondoka akikokotwa na lori, ameketi nyuma ya usukani na tai shingoni, watu wakimpigia makofi barabarani. Nilipoona msafara huo ukiingia kwetu mtaa wa Umoja nilijua tumeletewa mzoga tuuzike wenyewe.

Tuliupitisha kando ya nyumba, kwenye nafasi iliyokuwa kati yetu na jirani, ukawekwa uani juu ya mawe. Kuku wakataga ndani. Miaka ikapita. Kazi hakupata, maana nani angemwajiri dereva wa makamo wakati vijana wenye leseni walijaa kila kituo? Tuliishi kwa cherehani yangu na kwa kodi ya chumba tulichojenga juu ya chumba chetu cha kulala. Umoja ya siku hizo kila mtu alikuwa akiongeza chumba. Nyumba tulizopewa zilikuwa ndogo, basi mtu aliongeza mbele, akaongeza nyuma, akimaliza ardhi anapanda juu. Asubuhi ulikuwa ukiamshwa na sauti ya sepeto.

Kilichomuumiza mume wangu hakikuwa njaa. Alikuwa na mama yake kijijini, karibu na soko lililo kando ya barabara ya Busia, na mama huyo aliamini kwamba mwanawe bado anamwendesha meneja. Hakuna aliyemdanganya. Habari za kiwanda hazikumfikia tu, na mwanawe hakuzipeleka. Ndiyo maana Krismasi ilipofika kulikuwa na sababu ya kutokwenda, na Pasaka nyingine. Nilimwambia apande basi aende akamwone mzazi wake, basi si dhambi. Akaniuliza ashuke na nini mkononi. Wakati huo macho ya mama yalikuwa yameanza kufunga, na kila salamu iliyokuja ilikuwa ni ile ile: alitaka kumwona mwanawe angali anaweza kumwona.

Kisha mume wangu akasoma tangazo katika gazeti la kinyozi. Wenye magari ya kale walikuwa wanapanga safari ya kutoka Nairobi hadi Busia, siku mbili njiani, wakilala Kisumu. Halikuwa shindano. Kila gari lingepewa petroli, na nyuma yao lingekuja lori la kuwakokota watakaoharibikiwa. Alirudi nyumbani akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akanieleza njia yote, mji kwa mji, mpaka akafika kwenye soko la kwao. Barabara ingepita pale pale. Angesimama, amfungulie mama mlango wa mbele, amwendeshe hadi mpakani kama mke wa waziri. Na nani angemuuliza habari ya kazi mtu anayeshuka kwenye gari kama hilo?

Mimi sikuamini hata kidogo. Nilimwambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Akacheka, akaenda kufukuza kuku.

Sijui kama nimewahi kuona mtu akifanya kazi kwa bidii namna ile juu ya kitu kisicho na tumaini. Alimpata fundi kutoka Donholm, mzee wa kikohozi, na wawili hao wakahamia chini ya gari. Gia boksi waliitoa kwenye gari bovu lililotelekezwa Kariobangi, la aina nyingine kabisa, wakaichongea mahali pa kukaa. Breki zikavuja, zikafungwa, zikavuja tena. Siku nzuri injini ilikohoa mara mbili na kunyamaza, nao walipeana mikono. Mimi nilishona vitambaa vya viti kwa marobota ya mwisho ya kiwanda, kitambaa kizuri cha rangi ya udongo, huku nikinung'unika. Kiti cha mbele kushoto alinitaka nikiongezee mto, kwa sababu mama ana mgongo.

Jirani yetu upande ule wa nafasi alikuwa mjane mwenye watoto wa shule. Naye alianza kujenga mwaka huo huo, vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, katika ule upande wake wa nafasi. Ilikuwa haki yake, mpaka ulipita katikati. Mume wangu ndiye aliyemsaidia kushusha mawe. Alimvutia mpira wa maji kutoka kwenye mfereji wetu ili mchanga na saruji vikorogwe, na kila aliponyoosha mgongo kutoka chini ya gari alikuwa akiwasifu mafundi kwamba ukuta umesimama wima. Siku moja nikiwa naanika nguo nilimuuliza gari litapita wapi, maana nyuma na upande wa pili kulikuwa na nyumba za watu. Akanijibu bila kugeuka kwamba litapita pale lilipoingilia.

Hakupima. Mtu aliyetumia miezi kusugua kabureta kwa mswaki hakuchukua hata kamba akapima njia. Alikuwa amelipitisha pale mwenyewe, ameshika usukani, na kichwani mwake nafasi ile ilibaki vile vile. Sisi wa Umoja tumezoea kumwachia jirani ajenge, kwa sababu kesho utajenga wewe, na ukimzuia leo utaishi naye vipi? Nafikiri hata angepima asingemwambia mjane kitu.

Injini iliwaka kweli. Ilikuwa wiki ya safari yenyewe, na ilipowaka haikuzimika, ikanguruma mpaka wapangaji wakatoka kuona. Mume wangu alikwenda moja kwa moja kwenye simu ya kibanda, akapiga duka la ndugu yake lililo pale sokoni kwao, na ujumbe ulikuwa mfupi: "Mwambie Mama asimame sokoni Jumamosi. Nitapita." Ndugu yake alituambia baadaye kwamba mama alimfanya aurudie ujumbe huo kila asubuhi. Hata mimi, nisiyeamini, nilipiga pasi suti.

Alhamisi aliliondoa gari kwenye mawe, akaligeuza pole pole uani, akaelekeza pua kwenye nafasi. Pua iliingia. Mabawa ya juu ya magurudumu hayakuingia. Akarudi nyuma, akajaribu kwa mshazari, na hapakuwa na mshazari pale. Wakang'oa vioo vya pembeni. Wakang'oa vitasa vya milango. Vijana wa mtaa walikuja kumi au zaidi, wakaliinua upande kwa mabega, likakwama kiubavu na petroli ikaanza kumwagika, wakalishusha. Mmoja wao akasema kwa upole kabisa, akipangusa mikono, "Buda, mzee wetu, hii haitoki. Labda uikate."

Fundi alisema anaweza kulitoa vipande vipande, lakini kulirudisha ni kazi ya mwezi. Mjane alisimama kwenye ngazi zake mpya amejifunika mdomo kwa leso. Chumba cha chini kilikuwa tayari kina mpangaji, msichana mwenye mtoto mchanga. Mjane alimwambia mume wangu kwamba kama ni kubomoa, abomoe, Mungu atampa vingine. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomshinda. Mume wangu aliingia ndani akatoka na nyundo kubwa, akaenda kwenye pembe ya nyumba yetu wenyewe, upande wa chumba cha kulala. Akapiga mara moja. Plasta ikaanguka. Nikamshika mkono nikamwonyesha juu, kwa mpangaji wetu, ambaye kodi yake ndiyo iliyokuwa unga wetu, na ambaye sakafu yake ilikuwa imekalia pembe hiyo hiyo. Alitazama juu muda mrefu. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza njia, "Sasa nitatoka wapi?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Miezi yote nilikuwa nimeyaweka tayari. Badala yake nilimpokea nyundo, na niliumia kuliko nilivyotazamia.

Nilimsihi apige simu kumzuia mama. Alikataa Alhamisi, akakataa Ijumaa magari yalipoondoka mjini bila yeye, akisema bado anafikiria. Jumamosi asubuhi nilikwenda mwenyewe kwenye kibanda. Simu iliita na kuita. Duka lilikuwa limefungwa, wote wako barabarani kungoja magari. Niliporudi nilimkuta ameketi ndani ya gari, uani, mikono magotini. Nilimpelekea chai, akainywa humo humo.

Jumanne ndugu yake alituma neno kwamba mama anataka kuzungumza, tupige saa za mchana. Tulisimama wawili kwenye kibanda, sikio langu karibu na mkono wa simu. Sauti ya mama ilikuwa ya mtu mwenye furaha.

"Nilikuona, mwanangu," alisema. "Ulinipungia mkono. Gari ni zuri, watu wote wamesema."

Mume wangu alinigeukia.

"Nilikuwa nimevaa ile kanzu ya bluu. Mbona hukusimama?"

Mama akaendelea kwa sauti ya chini zaidi kwamba alikuwa amemwona na mama mwingine ameketi mbele, amefunga kitambaa cheupe, na akataka kujua kama ni mkewe. Nilielewa basi kilichotokea. Mtu fulani, na mke wake, walimwona bibi kizee kando ya barabara wakampungia, kama wasafiri wanavyopungia.

Mume wangu alikuwa analia bila sauti. Angesema nini? Kwamba gari limezingirwa na kuta, kiwanda kilikufa zamani, na yule aliyempungia hamjui? Nilimnyang'anya simu. Nikasema ndiyo, Mama, nilikuwa mimi. Nikasema tulikuwa na haraka, mimi ndiye niliyemwambia asisimame.

Nilimsikia Mama akihema, na nyuma yake mtu akiuliza bei ya sabuni. Nilijua kwamba kuanzia siku hiyo kwao nitakuwa mke aliyemzuia mtoto asimsalimu mama yake, na ndivyo nilivyokuwa, hata nilipokwenda kumzika.

"Si kitu," alisema mwishowe. "Kazi ni kazi. Lakini mkipita tena, mama, mwambie apunguze mwendo. Macho yangu hayashiki tena kitu kinachokimbia."