Fundi Aliyezima Feni

Unanishurutisha niandike habari za fundi wa kompyuta, na kalamu yenyewe naishika kama mwiko! Haya. Yule hupangusa viganja kwenye shati kabla ya kugusa mashine, kama anayepokea mtoto mchanga. Mashine yangu, iliyohifadhi sauti ya marehemu mume wangu, ilikuwa ikizimika kila mara.

“Imekufa?”

“Haijafa, bibi, inazimia tu. Nani kaipunguzia prosesa, huu ubongo wake, umeme?”

“Mkwe wangu, eti isipate joto.”

“Basi kaishindisha njaa!”

Akaongeza volti kidogo kidogo, akingoja, kiganja juu ya mashine. Marehemu alipokohoa mle ndani, kama alivyozoea kabla ya kusema, fundi akazima feni iliyokuwa ikimpepea, jasho likimtiririka, nisikie vizuri. Nawe uliyenisumbua, zima redio yako, uje umsikilize.