Vinundu vya Jemima

Jemima alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, mwembamba kama ufito. Vinundu vigumu vilivyomwota juu ya visigino vilikuwa vimekua hata viatu vikamkataa. Kaka yake Chengo alikuwa navyo vilevile. Mwaka wa 1996, akiwa na miaka thelathini na mitatu, Chengo alianguka shambani kwao Matuga, kajishika kifua, asiinuke tena. Jamaa wakasema mkewe Kahaso kamroga. Jemima ndiye aliyemtolea Kahaso vyombo nje, akamfukuza.

Baada ya miaka miwili, Jemima naye akaanza kubanwa kifua kila alipopanda ngazi amebeba shuka. Akaenda hospitali Msambweni. Daktari Cornelius akamtoa damu, ikapelekwa kupimwa Mombasa. Majibu yaliporudi, akamketisha.

"Vinundu hivi ni mafuta yaliyoganda, mama. Damu yako imejaa mafuta."

"Mimi mla sima na mboga ya mchunga? Mafuta nayatoa wapi?"

"Mengine mwili huyatengeneza wenyewe. Husafiri damuni yakiwa yamefungwa na protini. Kwenye ngozi ya kila seli, na hasa za ini, kuna vipokezi: upande mmoja umechomoza nje, mkia umeingia ndani. Kipokezi hukidaka kifurushi cha mafuta, huzama nacho, hukiacha ndani kitumike, kisha hurudi juu kudaka kingine. Vyako vizima ni kama nusu tu. Yasiyodakwa hubaki kuziba mishipa ya moyo. Ni jambo la kurithi. Una ndugu?"

"Nilikuwa naye. Alikufa akijishika kifua."

"Aliacha watoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Basi apimwe. Huenda amerithi, huenda hakurithi."

Jemima alipewa dawa, akazimeza siku tatu bila kumwambia mtu. Siku ya nne akashika njia ya Kinango, kwa wazazi wake Kahaso.

Alimkuta akipura mahindi. Kahaso hakumkaribisha kiti.

"Wifi, nimekuja..."

"Mimi si wifi yako. Uliniita mchawi mbele ya maiti ya mume wangu."

"Nilikuita. Nilikosa. Kilichomuua kilikuwa damuni mwetu, nami ninacho." Jemima akanyanyua kanga kumwonyesha visigino, akamweleza yote, hadi habari ya mtoto.

Kahaso akamwita Kadzo, bintiye wa miaka saba, akampapasa visigino, kimoja, kisha cha pili. Juu ya cha kushoto kidole chake kikasimama. Machozi yakamtoka Kahaso.

"Nitampeleka kupimwa," alisema. "Ila hilo la msamaha, usiniulize."

Jemima akaitikia kwa kichwa. Juma lililofuata walikaa benchi moja hospitalini, mtoto katikati yao, wakingoja jina lake liitwe.