Kibao Namba Kumi na Saba

Kibao namba kumi na saba kilikuwa upande mweupe. Maana yake mwenye mashua amesharudi nchi kavu.

Ila mwenye mashua hakuwepo. Na mwenye mashua ni mdogo wangu.

Mimi ni katibu wa chama cha mbio za mashua za tanga cha kanda yetu. Klabu saba, chama kimoja. Kanuni tunatunga sisi, waamuzi tunawafundisha sisi, boti la uokoaji ni letu.

Ofisini, ghorofani, kuna ubao wa vibao. Ukienda majini unageuza chako kiwe chekundu, ukirudi unakigeuza kiwe cheupe. Kwa mkono wako mwenyewe. Mwingine hagusi.

Kanuni hiyo ilinikera balaa. Watu wazima wameloa chapachapa, wanapanga foleni kwenye ngazi kama watoto wa shule! Nilishaandika hoja ya kuifuta, kikao kilikuwa kesho yake.

Alasiri hiyo mbio zimeisha, nikaona dirishani tanga la bluu likiingia. Nikasema huyo ni dogo, ngoja nimpunguzie ngazi.

Nikageuza.

Baada ya dakika ishirini nikashuka gatini kumtania. Tanga la bluu lilikuwa la mtu mwingine.

Moyo ulinilipuka paa! Upepo umeshachafuka, na kule mbali mwisho wa ufuo nahodha wa boti la uokoaji ameshazima injini, analivuta boti nchi kavu.

Nikapanda ngazi mbilimbili. Mwenyekiti wetu, mama wa miaka sabini tunayemwita Bi Kanuni, alikuwa mbele ya ubao.

"Vyote vyeupe," akasema. "Tufunge."

Nikisema, ukatibu umekwenda na aibu juu.

"Mama, kumi na saba bado yuko majini. Nimegeuza mimi."

Hakunigombeza. Alinyakua redio.

"Nahodha, rudisha boti majini. Sasa hivi!"

Walimkuta baada ya saa nzima, ameng'ang'ania mashua iliyopinduka, hawezi hata kuongea.

"Robo saa nyingine tu," nahodha akaniambia, "tungekuta mashua peke yake."

Nililia mbele za watu, wala sikujali.

Kesho yake nikapeleka barua ya kujiuzulu. Bi Kanuni hakuisoma. Alifungua kabati, akanipa daftari la kwanza la chama, lile alilokuwa ananinyima kila nikitaka kuandika historia yetu.

Ukurasa wa kwanza, mwandiko wake:

"Tumeunda chama hiki ili boti la uokoaji liwepo, na kila mtu ageuze kibao chake. Kwenye ubao wa klabu yetu ya zamani, cha mume wangu nilikigeuza mimi. Nilidhani nimemwona akirudi."

Nikashindwa kumtazama usoni.

"Mimi niliona aibu, mwanangu," akasema. "Nikakaa kimya mpaka giza likaingia. Wewe umesema. Rudi kazini."

Hoja yangu niliichana palepale.

Ndugu yangu unayesoma, kanuni ikikukera, kwanza uliza ilimgharimu nani. Na ukikosea, sema upesi, kuna mtu bado yuko majini.