Abiria wa Kukaa Tu

Mgeni akiniuliza usafiri wa Arua kwenda Koboko ukoje, damu inanichemka. Kuna basi linalotoka Kampala, linapita hapa asubuhi na mapema, ukilikosa, limekwenda. Kuna boda, kama huogopi malori ya mpakani. Na kuna teksi, yale magari madogo yanayoondoka yakijaa. Hapo kwenye kujaa ndipo nina maneno.

Siku hiyo dada yangu alinipigia simu saa mbili asubuhi kutoka Koboko. Haboba ametutoka. Hivyo ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, na huyu ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne. Angeoshwa saa tano, azikwe baada ya adhuhuri. Haboba alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja, tena mbele ya watu: "Siku yangu ikifika, ni wewe utaniosha. Sitaki mikono ya watu." Mwendo ni saa moja na kitu. Muda nilikuwa nao, na wa kubaki.

Mwenye boda mmoja akanifuata mpaka kituoni, anaapa atanifikisha. Nikamkatalia. Haboba aliniapisha nisipande pikipiki katika barabara ile, tangu lori limvunje mjomba wangu mguu karibu na Manibe. Nimvunjie kiapo siku ya kifo chake? Saa tatu nikaenda kwenye teksi.

Mbele wameshakaa, nyuma wameshakaa, injini inanguruma. Dereva akanipokea mkoba, akaufungia kwenye buti. "Mama, nafasi iko moja tu. Ingia, sisi nakwenda sasa." Nikajibana kando ya mzee mmoja mwenye kanzu safi, tasbihi mkononi. Akaniuliza kwa nini ninalia. Nikamweleza yote, hata hilo la kuosha, na gari zima likasikia. "Innalillahi," akasema. "Pole sana, binti yangu. Mungu takupa nguvu." Nikafarijika. Nikajiona nimekaa na watu.

Haukupita muda, aliyekaa mbele akashuka kununua maji. Hakurudi. Akaja abiria wa kweli, akakaa mahali pake. Kisha mama mmoja akakumbuka kitu sokoni, akaondoka na kikapu chake cha mchicha. Mchezo huo naujua tangu utotoni. Ni watu wa kukaa tu: dereva anawajaza ili gari lionekane tayari, na kila abiria akifika, mmoja wao anampisha. Siku nyingine huwa natazama miguu. Msafiri huvaa viatu, wa kukaa huvaa ndala. Siku ile macho yangu yalijaa machozi, nikaingia kichwa kichwa kama mgeni.

Nilibaki kwa sababu ya mzee. Alikuwa na viatu. Nikajiambia, maadamu yeye amekaa, gari hili linakwenda. Mtu aliyenipa pole kwa mdomo wake hawezi kuwa mmoja wao. Saa nne na nusu akaja mwanamume mwenye magunia mawili. Dereva akagonga kioo. Mzee akatia tasbihi mfukoni, akashuka, akaenda zake bila kunitazama.

Nikamwambia dereva anipe mkoba wangu. "Mama, ngoja kidogo, iko bado wawili." Nilimpigia kelele mpaka kituo kizima kikageuka, ndipo akafungua buti. Nikapanda boda ileile niliyoikataa.

Kiapo nilikivunja bure. Nilifika saa sita, Haboba ameshavishwa sanda. Majirani walikuwa wamemwosha. Dada yangu alisema walinisubiri mpaka maji yakapoa. Nikafunuliwa uso tu, nikambusu kwenye paji.

Dereva simhangaikii, yule hata haya hana. Ni mzee yule ninayemchukia. Nilipika kwa hasira, nikafua kwa hasira, nikisujudu namwona yeye.

Siku ya arobaini nilirudi kituoni niende Koboko kwenye dua. Nikamkuta amekaa kiti cha mbele cha gari jingine, kanzu ileile. Msichana mmoja alikuwa ameinama dirishani kwake, cheti cha hospitali mkononi. "Baba, hii nakwenda sasa?"

"Nakwenda, iko moja tu," dereva akawahi kujibu.

Nikaenda nikasimama nyuma ya yule msichana. Mzee akaniona, na nikajua amenikumbuka, kwa sababu tasbihi ilisimama vidoleni.

"Bado," akamwambia. "Hii iko bado sana. Tafuta boda."

Dereva akamtukana matusi ya nguoni. Msichana akakimbilia boda. Mzee akabaki ananitazama, nadhani alitaka nimsamehe. Sikumsamehe. Kumbe neno "bado" analo. Siku ile alikaa nami bega kwa bega saa nzima na nusu, akanipa pole badala yake.