Mguno Chini ya Barafu

Jumanne asubuhi, katika basi linalotoka mtaa wa Weston, Toronto, mama mmoja Mkenya aliketi mbele yangu akizungumza na mdogo wake kwa simu ya video. Sauti ilikuwa juu, kwa hiyo nilisikia kila neno. Kijana huyo ni muuguzi katika kijiji cha pwani, kaskazini kabisa mwa Kanada, na alikuwa akivuka ghuba iliyoganda kwenda kumwona mgonjwa.

"Redio imesema mwaka huu joto litawahi kufika huku," alisema.

"Basi si urudi?"

"Barafu bado ni ngumu, dada. Hebu sikiliza."

Akainamisha simu. Ukatoka mguno mrefu, mzito, kama wa mtu anayeota ndoto mbaya. Abiria wote wakageuka. Mzungu mmoja, asiyejua Kiswahili, alivua kofia.

"Hiyo ni nini?" dada akanong'ona.

"Sijui. Inatoka chini yangu."

"Geuka polepole. Usikimbie. Usikate simu."

Tulisikiliza nyayo zake, na mguno ukimfuata nyuma. Hatimaye tukasikia changarawe ikikwaruza chini ya viatu.

"Nimefika ufukweni," alisema. "Nitazunguka kwa barabara, mgonjwa ananisubiri."

Dada alijifunika uso kwa skafu akalia. Kituo alichosema angeshukia kilikuwa kimeshapita, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Hapa Toronto sote huomba joto lije upesi. Mimi tangu Jumanne nimeacha kuomba, maana sijui nani bado yuko katikati ya ghuba.