Filamu Iliyomnyamazisha Shangazi Apendeki

Harufu ya petroli ya jenereta, ikichanganyika na jasho la watu waliobanana, hunirudisha mara moja kwenye mabenchi ya sinema ya Papa Wilondja, pale Baraka, kando ya ziwa, nikiwa msichana wa miaka kama kumi. Juma lililopita ilinijia tena. Betri ya jua ya jirani yangu iliishiwa nguvu, akawasha jenereta ili tuendelee kutazama.

Tuliona filamu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mapigano: shujaa alipigwa risasi begani, akajifunga kitambaa, akaendelea kukimbia kama aliyeumwa na mbu. Nilicheka, nikamsamehe. Ya pili ilikuwa ya mapenzi, matajiri wakilia kwenye ngazi zote za nyumba yao, nami nikajiuliza tu nani anayezifagia. Ya tatu ilituhusu sisi, watu wa Kivu. Wanawake wamekaa kimya, ziwa nyuma yao, kinanda cha huzuni, na sauti ya mwanaume ikisema badala yao. Hiyo sikuimaliza. Nilitoka uani ghafla, jirani akadhani nimeshikwa na malaria. Haikuwa malaria. Ilikuwa hasira, na ni ya zamani.

Shangazi Apendeki, dada mdogo wa baba, alikuwa akibanika mikebuka, samaki wa ziwa letu, nyuma ya nyumba yetu na kuwauza sokoni. Nguo zake zote zilinuka moshi wa samaki, hata ya kanisani. Alikuwa mjane, lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mnyonge. Alipenda filamu kuliko sisi watoto. Zilikuja kwa lugha tusizozijua, basi Papa Wilondja alishika mikrofoni na kuzitafsiri huku zikiendelea. Yeye alitafsiri, shangazi alihukumu. Ya mizimu aliimaliza kwa swali moja: “Muzimu gani inabisha hodi?” Juu ya mwanaume aliyemwacha mama yake mgonjwa ili akalipize kisasi alisema, “Ule hana mama, iko na bunduki tu.” Filamu ilipokwisha, watu hawakuinuka kwanza. Waligeuka upande wake kungoja neno.

Alikaa benchi moja na Mama Espe, mkimbizi kutoka Burundi aliyeuza sombe, majani ya muhogo, karibu naye sokoni. Mmoja akichoka kushika mtoto wa Mama Espe, mwingine alimpokea. Wakati wa samaki kuadimika walikula sombe ya huyu, wakati wa mvua walikula mikebuka ya yule. Nilidhani urafiki wote wa watu wazima uko hivyo.

Kisha wakaja wageni na kamera, wameletwa na kijana mkalimani kutoka mjini. Walikuwa wameambiwa kuna mjane. Walikaa kwetu tangu asubuhi hadi jua kupungua, nami nilikuwa nikileta kuni, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Shangazi aliwaeleza jinsi alivyokutana na mumewe kule Nundu, jinsi mume huyo alivyokuwa akicheza vibaya katika kwaya mpaka mwalimu akamwomba asimame tu, na jinsi alivyokwenda kuvua, upepo ukapindua mtumbwi, ziwa likamrudisha baadaye akiwa maiti. Aliongea akigeuza samaki, akicheka na kufuta macho. Mwishoni wakamkalisha juu ya jiwe, wakamwomba atazame maji na asiseme kitu. Akauliza kwa nini. Mkalimani akajibu kwamba ni kwa ajili ya picha tu. Shangazi akashikwa na kicheko, nao wakangoja, kwa adabu kabisa, hadi kikaisha.

Miezi ikapita. Mkalimani akatuma ile filamu ndani ya flashi, kama zawadi. Jumamosi mchana sinema ilijaa mpaka mlangoni. Shangazi alivaa kitenge kipya, Mama Espe pembeni yake, mimi chini miguuni pao. Sura yake ilipotokea kwenye shuka jeupe, kubwa kama ukuta, tulipiga makofi.

Kinanda kikaanza. Sauti ya Kifaransa ikaongea, Papa Wilondja akaifuata. “Huyu mama,” akatafsiri, “hachekake tena.” Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni mzaha wake. Sauti ikaendelea. Papa Wilondja akafungua mdomo, akaufunga, kisha akasema polepole kama mtu anayetema mwiba, “Banasema bwana yake aliuliwa. Banasema aliuliwa na bantu benye balivuka kutoka Burundi.”

Hakuna aliyecheka tena. Kwenye shuka, shangazi alikuwa akifuta machozi. Nilihisi benchi likitikisika juu yangu. Mama Espe alikuwa ameinuka, amembeba mtoto wake, anapenya kati ya magoti ya watu bila kuomba njia.

Filamu ilipokwisha, watu waligeuka kama kawaida. Shangazi akaonyesha shuka kwa kidevu.

“Ule mama simujue,” akasema. “Na mwenye alimucheza, alicheza mubaya.”

Wengine walicheka, nami nilicheka. Nilidhani ni maoni kama maoni mengine.

Jumatatu vijana wawili walipiga teke beseni la Mama Espe, sombe ikamwagika mavumbini, wakamwambia arudi kwa wauaji wenzake. Hakuonekana tena sokoni. Shangazi alinichukua tukaenda kwake. Mama Espe alifungua mlango nusu tu. Shangazi alimweleza kwamba hakusema vile kamwe, kwamba maneno yale aliwekewa.

“Mi najua, Mama Apendeki,” akajibu Mama Espe. “Lakini bale balikuona ukilia. Nitabaambia nini?”

Njiani shangazi alitembea mbele yangu kwa kasi, na nilipomfikia nilimwona ameuma midomo. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Papa Wilondja, akamtaka aonyeshe tena ile filamu Jumapili baada ya ibada, azime sauti, na mikrofoni ampe yeye. Papa Wilondja alisitasita. Alisema wageni wanaweza kukasirika, kwamba ile ni filamu ya wenyewe.

“Na ile sura,” shangazi akamuuliza, “iko ya nani?”

Jumapili alimtoa Mama Espe nyumbani kwa mkono, akamketisha mbele. Picha zikaanza bila sauti. Shangazi alisimama kando ya shuka, akiwa mdogo chini ya uso wake mwenyewe, na mikrofoni ikakoroma.

“Huyu ni mi,” akasema. “Pale siko nalia. Ni moshi ya mikebuka iliniingia mu macho. Bwana yangu alikufa mu ziwa. Upepo njo ulimukamata. Hakuna muntu alimuua, hata wa hapa, hata wa Burundi. Mi nilibaambia, balisikia. Na hapa kwenye jiwe, baliniambia ninyamaze.”

Alisema mpaka picha ya mwisho. Alimtaja mumewe, kwaya, Nundu, upepo, vyote walivyovikata. Kisha akarudisha mikrofoni, akakaa. Hakuna aliyegeuka kungoja maoni.

Kesho yake mama wa mmoja wa wale vijana alileta majani ya sombe, beseni zima, akaomba msamaha. Mama Espe alirudi mahali pake sokoni. Sombe ilirudi, lakini mazungumzo ya zamani hayakurudi yote. Alipokwenda zake Burundi waliagana vizuri, wakilia wote wawili, na safari hiyo hakukuwa na moshi.

Jumapili ile, tukirudi nyumbani, nilimrukia shangazi nikamwambia ameshinda. Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa.

“Hapa tu,” akasema.

Niliyaelewa maneno hayo nilipokuwa nasoma Bukavu. Siku moja mwalimu wetu alizima taa ili tutazame filamu kuhusu mateso ya wanawake, na hapo ukutani akatokea shangazi yangu, juu ya jiwe, na ile sauti. Wanafunzi waliandika. Mmoja alilia. Niliinua mkono nikasema huyo ni shangazi yangu, mumewe alizama kwa upepo, wala hakuuawa na mtu. Mwalimu alinisikiliza kwa upole, akasema pole sana, halafu akaeleza kwamba katika filamu ya namna hii cha maana ni ujumbe.

Wale wageni wa kamera walikuwa wameleta kifo chao mfukoni, wakatafuta tu uso wa kukivisha. Hilo shangazi alikuwa amelijua tangu Jumapili ile. Baraka nzima ingeweza kumsikia, na bado dunia nzima ingemwona amenyamaza.

Yuko hai, macho yamechoka, mdomo bado. Nikimtembelea huniuliza nimeona filamu gani. Namsimulia zile za mapigano, naye anazihukumu, na tunacheka. Ya Bukavu sijamwambia.