Hodi kwa Kompyuta ya Karasha

Kwenye karasha la Geita nilikofanya kazi, panaposagwa mawe ya dhahabu, hakuna aliyemwamini mwenzake hata akiwa amelala. Kila mwenye mawe alijua kwamba karani huwachomeka ndugu zake kwenye zamu ya kusaga. Basi mimi, karani mwenyewe, mhitimu wa masomo ya jioni pale Kambarage, niliyejifunza BASIC, lugha ya kuiamuru mashine, kwenye kompyuta nzito kama ng'ombe mwenye mimba, nikatunga programu ili kila mtu ajiandikishe mwenyewe. Inatoa alama ya kuuliza, unaandika jina. Inatoa nyingine, unaandika idadi ya viroba vyako vya mawe. Asubuhi inasoma faili mstari kwa mstari, nami naita.

Wakakubali shingo upande. Mmoja alichungulia nyuma ya mashine, pengine shemeji yangu amejificha humo.

Siku ya pili, mama mmoja wa Ushirombo hakuitwa. Kukosa zamu maana yake viroba vyake vilale tena uani, na kiroba kikilala Geita huamka chepesi.

"Nafasi yangu umempa nani?" aliniuliza taratibu, na upole huo ukanitisha kuliko kelele.

Nikafungua faili mbele ya wote. Palipotakiwa jina lake pameandikwa HODI, viroba sifuri. Wakachachamaa: huyo Hodi ni wa ukoo gani, mbona hana mawe lakini ana zamu? Kweli nilimwita asubuhi, kwa sauti iliyofika Chato, hakutokea mtu, nikapita.

Nikamwomba mama akae kwenye kompyuta afanye kama jana. Alama ya kuuliza ikatokea. Akabonyeza kwa kidole kimoja: HODI. Ilipotokea ya pili, akaona sasa ndiyo anaulizwa yeye nani, akaandika jina lake. Mashine ilisubiri namba. Ilipopewa jina, ikahifadhi sifuri.

"Mtu haingii kwa watu akaanza kujitaja tu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Wanaume wakampisha mbele, nami wakati viroba vyake vinabebwa nikaongeza mistari miwili kwenye programu: ikisoma HODI, ijibu KARIBU, halafu iulize upya. Nikamwita ajaribu. Akaandika, akajibiwa. Akaisoma KARIBU ile kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Kama ilijua kukaribisha, jana ilinyamazia nini?"

Akaenda kusimama kando ya karasha hadi jiwe lake la mwisho liliposagwa. Mawe hakuyatazama. Alinitazama mimi.